Redio Yako Ilipokuwa Ikiimba

Baba yangu mpendwa,

Mola akurehemu. Nakuombea kila baada ya sala, na hilo halitabadilika. Lakini leo nimekasirika nawe, na nitasema.

Unaikumbuka ile redio yako pale ukumbini, nyumbani kwetu Wawi? Ukirudi shamba tu unaifungua, taarabu moja kwa moja mpaka wakati wa kulala. Kaka Omar alipokuwa na mtihani uliizima, ukampa chumba cha uani, ukatukataza hata kukohoa. "Mwacheni mwenzenu asome." Zamu yangu ilipofika ulinikalisha kwenye mkeka, chini ya redio hiyo hiyo, eti mtoto wa kike asome anapoonekana. Nilikuomba uipunguze sauti. Ukanijibu, "Kwani we wasoma kwa masikio?"

Masikio hayafumbwi kama macho, baba.

Siku moja mwalimu alitupa ufahamu tukaufanyie nyumbani, habari ya kijiji kilichohama baada ya kisima chao kuingia maji ya chumvi. Swali: kwa nini wanakijiji walihama? Nikaandika, "Kwa sababu ya mahasidi." Redioni mwimbaji alikuwa akiwasuta mahasidi wake tangu alasiri. Ukalisoma jibu langu kwa wageni wako barazani, mkacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Huyu kichwa chake si cha skuli," ukasema. Tangu hapo nikawa Bi Mahasidi, hata siku ya harusi yangu. Mtihani ulipokuja sikuchaguliwa kuendelea, nawe hukushangaa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza ile redio ilikuwa ikiimba nini.

Juzi mjukuu wako Saada, binti yangu, alikuwa anajiandaa na mtihani wake huku simu inamwimbia. Nikamwambia anisimulie ukurasa aliomaliza. Akababaika, akataja mawili matatu, akarudi kuchungulia ukurasa. Nikaizima simu, nikampa ukurasa mwingine. Akanisimulia wote, tena akanisahihisha nilipojitia kujua. Niliinuka nikaenda jikoni, nikalia kwa hasira. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Wimbo una maneno, kitabu kina maneno, na mtoto ana kichwa kimoja. Ilitaka ukizungushe kile kitufe tu, baba, na mkono wako ulikuwa karibu nacho. Kwa Omar ulikijua.

Ulipofariki, ndugu zangu walikuwa wakiulizana nani atachukua mikarafuu ipi. Mimi niliomba nipewe redio, wakasema, "Masikini, kampenda babaake." Ni kweli nilikupenda. Hata sasa nakupenda, ndiyo maana inaniuma.

Lala salama. Leo magharibi nitakuombea kama kawaida, na hasira zangu zikiwa hapo hapo. Redio yako ipo chumbani kwa Saada, anaposomea, juu ya kabati. Nimeitoa betri.

Mwanao wa kike, ambaye kichwa chake kilikuwa cha skuli