Njoo Ulale Kwenye Shimo la Bembea

Chanika,
Jumatano jioni.

Kwako mtani wangu Fakihi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Urambo, umeshiba asali, na magoti yako bado yanakutii. Ukiuliza habari zangu, mie ni mzima kila mahali isipokuwa mgongo, masikio na heshima. Mjukuu wangu Naima naye hajambo, ila salamu zake sikuletei, na sababu utaiona huko mbele. Nakuandikia kwa vile kila nikipiga simu yako yule dada ananiambia hupatikani, nami nimechoka kumbembeleza. Barua anakuletea Mohammed, dereva wa basi la Tabora. Mpe chakula, usimpe maneno, ana safari.

Kwanza furahi. Zile bembea ulizozichomelea kwa mkono wako, pale uwanja wa watoto nyuma ya ofisi ya mtaa, nimeziokoa. Nilisimama mkutanoni nikamwaga maneno, watu wote wakainuka kwenye viti, wanawake wakapiga vigelegele.

Haya, nimedanganya. Waliinuka kwa sababu mvua ilikuwa inapiga upande wa viti, na vigelegele vilitoka harusini nyumba ya pili. Bembea sijaziokoa. Zinakatwa na kung'olewa Jumatatu. Kaa chini, mtani, nikueleze vizuri, maana nimeshikwa pabaya na sina mwingine wa kumwambia.

Ilianza kwa Talha, mtoto wa jirani yetu Najat. Mnyororo ulikatika yuko juu, akaja chini kama furushi, mkono ukavunjika. Najat akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Bi Kokushubila, mama wa Kihaya anayeongea polepole utadhani kabeba mayai mdomoni. Akamwambia bembea ziondolewe, la sivyo atazing'oa yeye kwa meno. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwambia kwa meno yale kazi itaisha mapema. Hakucheka. Najat, aliyekuwaga anacheka hata nikipiga chafya! Hapo hapo ilinipasa nijue mambo yameharibika.

Ukaitishwa mkutano. Wengine wakasema zikarabatiwe, yaani minyororo ibadilishwe, nguzo zibaki. Muhsin wa duka la vifaa vya ujenzi akasema mabomba mapya ya nguzo atayatoa yeye, sadaka ya marehemu baba yake, ila hatatoa bomba zima likaunganishwe na kutu. Wengine wakasema ziondolewe tu, watoto wacheze nyumbani, kana kwamba hizo nyumba zetu zina nafasi ya kugeuza hata sufuria. Ndipo akainuka jamaa mmoja mwenye malori ya mchanga, kashika funguo mbili ili tuzione. Akasema bembea zikitoka, yeye yuko tayari kuukodi uwanja aegeshe magari yake, kwa muda tu.

Kwa muda! Unakikumbuka kile kiwanja cha mpira karibu na kituo? Nacho kilichukuliwa kwa muda. Leo kina ghorofa lenye vioo vya bluu, na vijana wanachezea mpira barabarani, wakipata kona wanasubiri kwanza bodaboda zipite. Uwanja wetu huu hauna karatasi, Fakihi. Kinachosema pale ni pa watoto ni bembea zako tu. Zikitoka asubuhi, jioni pana kifusi.

Basi nikasimama. Nikasema nguzo zile ni nzima kuliko ndoa nyingi zilizokaa humu ndani. Nikasema alizichomelea Mnyamwezi, na Mnyamwezi akishika kitu hakiachii, hata kiwe cha watu. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata Bi Kokushubila aliziba mdomo na mtandio. Ndipo mvua ikaja, akaahirisha mpaka Jumapili, nami nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Naima alinishika mkono njia nzima. Akaniambia kesho akitoka madrasa atapanda bembea mpaka aone paa la msikiti, nami nikamwambia akiliona amsalimie imamu.

Jumapili tukapiga kura kwa mikono. Wa kukarabati na wa kuondoa wakalingana, Bi Kokushubila akahesabu akarudia. Ukabaki mkono wa mtu mmoja ambaye hajaunyanyua popote. Akamwomba aamue. Yule mtu akaunyanyua mkono wake kwenye kuondoa. Imekwisha. Yule wa malori akaenda kumpa mkono, na wazee wengine wakamtazama kama wanatazama kinyesi sebuleni.

Mkono ule ulikuwa wangu.

Usiichane kwanza. Soma mpaka mwisho, kisha uchane.

Jumamosi, siku moja kabla ya kura, nilikwenda uwanjani kumtazama Naima anabembea kwenye bembea iliyobaki. Nikaegemea nguzo ya upande wa choo cha ofisi, fimbo yangu nikaichomeka chini pale nguzo inapoingia kwenye zege. Ikazama. Sikutia nguvu, mtani. Iliingia ndani ya bomba kama inaingia kwenye andazi, ikatoka na unga mwekundu. Juu rangi ni ya bluu inang'aa, mie mwenyewe niliipaka Idi iliyopita. Chini hamna kitu. Nikainua macho, mtoto yuko juu kabisa, ananipigia kelele, babu nimeliona paa. Nilimteremsha kwa kumshika gauni. Akalia, nami nikamdanganya kwamba mvua inakuja.

Jumapili nilitaka kuwaeleza. Nilisimama. Kabla sijafungua mdomo wakaanza kucheka! Nikasema nguzo imeoza, wakacheka zaidi, mmoja akaniuliza ni ile nguzo au yangu. Miaka yote nimewafundisha kwamba nikisimama ni kucheka, wamefuzu wote. Nikakaa. Wakikarabati, nguzo ile ile ingebaki; cha kuwaambia nacho kilikuwa mkono tu, nikaunyanyua.

Naima alikuwa amening'inia dirishani anachungulia. Tangu siku hiyo haniiti babu. Ananiita Mzee Nassibu. Ananiletea chai, ananiambia Mzee Nassibu, chai yako hii hapa, kwa adabu zote, kama mpangaji. Ukitaka kuniua, njia ndiyo hiyo.

Leo asubuhi fundi wa kukata alikuja kupima. Nikatandika mkeka wangu chini ya nguzo, nikalala. Nikasema sitoki mpaka mwenyekiti aape mbele ya watu kwamba nguzo mbovu zikitoka, za Muhsin zinasimikwa siku hiyo hiyo, kwenye mashimo yale yale. Wakanipiga picha na simu. Wakanicheka kwamba juzi nilisema ziondoke, leo nazilalia. Vijana wakaninyanyua pamoja na mkeka, kama sinia la pilau, wakanitua kivulini. Bi Somoe, mkubwa kuliko sie wote hapa mtaani, akaja akanifuta vumbi. Yeye pekee hakucheka. Akaniambia, Nassibu, mwenye msiba hajilazi kaburini. Kazi hiyo ni ya mtani.

Na kweli. Mie Mzaramo wa hapa hapa, mfiwa. Hapa anatakiwa Mnyamwezi.

Unakumbuka tulipomzika mama yako makaburi ya huku? Nilishuka kaburini kabla yake, nikalala chali, nikagoma kutoka mpaka mnikomboe. Sheikh akafoka, nyie watoto wake mkacheka na machozi yanawatoka, ukaniahidi jogoo. Jogoo mwenyewe sijamwona hadi leo. Nakusamehe jogoo, Fakihi. Nilipe kwa namna ile ile.

Panda basi na Mohammed anaporudi. Jumatatu nguzo zikishang'olewa, mashimo yatakuwa wazi. Chagua moja, ingia, ukilala hutoshi basi kaa. Hakuna mtu wa huku atakayethubutu kumtoa mtani kwa nguvu, hata huyo wa malori, mama yake Mzaramo. Wakikuuliza unataka ukombozi gani, usiseme jogoo. Sema nguzo.

Shemeji unisalimie sana, na wanao wote. Mwambie simkopi, namwazima tu mume. Na njoo na shuka, shimoni kuna unyevu.

Ni mie mtani wako,
Nassibu
(babu yake Naima, akinirudia)