Pale Panapoitwa Gare

Mjukuu wangu Amani,

Ni minye, tate wako wa Kiringye. Tuko wazima. Shangazi yako amejifungua binti, wamemupa jina langu.

Unauliza kama ukodi chumba kule nje ya Kinshasa, maana wametangaza kwamba treni ya kupeleka watu kazini itaanza kufika huko. Nilipokuwa binti, mafundi walikuja kupigilia vijiti vya kupimia reli shambani mwetu. Wakasema treni itatupeleka sokoni Uvira asubuhi na kuturudisha jioni. Tukawaimbia, tukawachinjia mbuzi. Mama hakungoja kuambiwa: alikata michikichi yake yote iliyokuwa njiani, treni isije ikachelewa kwa ajili yake. Wageni wakala mbuzi, wakapanda gari lao, mpaka leo. Mama akawa ananunua mawese kwa jirani, na akaendelea kwenda Uvira juu ya magunia ya malori, mpaka magoti yakakataa.

Basi weye, kabla ya kulipa, nenda uangalie reli yenyewe. Inayopitiwa inang'aa. Ukikuta kutu, rudi.

Na ukija kutuona, mwambie mwenye pikipiki akushushe Gare, yaani stesheni. Ni pale penye vile vijiti, jina limebaki. Kila mutu anapajua, isipokuwa treni.

Tate wako