Mdomo wa Ziwa Tulioufungua kwa Ajili ya Harusi

Nyumba ya Mlinzi,
Mdomoni mwa Ziwa,
S.L.P. 88.

14 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko uliko? Mama ameniambia daktari amekukataza ngazi, nawe bado unapanda ghorofa kwa ukaidi. Tafadhali msikilize. Sisi ni wazima wa mwili, namshukuru Mungu. Mama analala vizuri tangu aniozeshe. Anasema nyumba sasa imepumua.

Nimeolewa, Mjomba! Bado naandika jina langu jipya pembeni mwa magazeti nikiwa peke yangu. Mume wangu, huyo Mrefu wako uliyemfundisha kazi ya kulinda mdomo wa ziwa, huniamsha kwa chai huku amejifunga aproni yangu ya maua isiyomtosha. Nikimwona anakuja kando ya maji na jembe begani, moyo unaruka kama siku ya kwanza. Nilitamani barua hii iwe ya hayo tu.

Lakini najua swali lako la kwanza si la harusi. Ni la ndege. Mjomba, hawapo.

Mwaka huu mvua ziliwahi. Fungu la mchanga lilikuwa limeuziba mdomo wa ziwa kama kawaida, maji yakapanda hadi yakafunika barabara ya kwetu. Buabua, wale weupe wa kofia nyeusi, walikuwa wameshaangua kisiwani. Mrefu aliijua sheria yako: jembe haligusi mchanga mpaka kifaranga wa mwisho aruke. Kuruka kwao kulibakiza wiki tatu. Harusi ilibakiza siku nne.

Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwamba wageni watavuka maji na viatu mkononi, kwamba gauni langu litaburuta tope, kwamba kama kweli ananipenda... Hata sentensi sikuimaliza. Alichukua jembe. Kufikia jioni maji yalikuwa yanakimbilia baharini, na siku ya harusi barabara ilikuwa kavu. Ukumbini watu walicheka na kupiga makofi: "Bwana harusi kampasulia mkewe bahari!" Nilijiona malkia, Mjomba. Sikuwaza hata mara moja maji yale yalikuwa yanalinda nini.

Siku ya tano baada ya harusi akanipeleka kuwaona vifaranga. Nilivaa gauni la njano, nikabeba keki iliyobaki. Mtumbwi ulikwama kwenye tope mbali na kisiwa, tukashuka tukatembea. Mbele yetu kulikuwa na nyayo za mbwa, nyingi, za kwenda na kurudi. Kisiwani kimya. Wewe unazijua kelele zao, watu hata kusikilizana hawasikilizani. Tulikuta maganda, manyoya na miguu midogo midogo. Mrefu alipiga magoti akawa anaokota kimoja kimoja, kama mtu anayeweza kuvirudisha. Hata samaki wachanga waliokuwa wanakulia kwenye majani ya kando walikuwa wamekaukia palepale.

Jirani yetu mshona nyavu hakunionea haya. "Bi harusi," aliniambia akiwa mlangoni, "keki yenu ilikuwa tamu, ila mmeila pamoja na watoto wa watu." Mama amewahi kunisimulia mwaka ule maji yalipoingia humu humu ndani, ukainua vitanda juu ya matofali mkalala hivyo mwezi mzima, ndege wasiguswe. Sisi tumeshindwa kulowa viatu siku moja.

Ripoti ya mwezi kwa mkuu wa hifadhi huiandika Mrefu, mimi nanakili kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nilifika mahali alipoandika kwamba bahari iliuvunja mchanga yenyewe. Nikaiweka kalamu chini. Tukagombana kwa mara ya kwanza.

"Unataka nifukuzwe hata zawadi hatujamaliza kuzifungua?"

"Nataka uniangalie machoni. Tangu kisiwani huniangalii."

Aliinua uso, akaniangalia. Kisha akasema, "Haya. Andika ilivyokuwa." Nikaandika, akatia saini.

Mkuu wa hifadhi amemwondoa kwenye kazi, na mwisho wa mwezi ujao tutahama nyumba hii. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni barua yake ya jana. Anasema kama mdomo unafunguliwa kwa sababu ya harusi, basi bora uchimbwe mfereji wa zege ubaki wazi mwaka mzima, asihitajike mlinzi yeyote. Kamati ya hifadhi itaamua tarehe thelathini mwezi huu. Mfereji huo ukichimbwa, maji hayatapanda tena, kisiwa hakitakuwa kisiwa, na mbwa watakwenda watakavyo. Asubuhi ya leo buabua wachache walizunguka juu ya kisiwa bila kutua. Labda mwakani wangejaribu tena. Mfereji utawanyima hata huo mwakani.

Ukweli tuliousema ndio umempa mkuu sababu, na hilo linaniumiza kuliko kuhama.

Mjomba, uliulinda mdomo huu miaka ishirini na sita, na wazee wa kamati bado wanakutaja. Njoo ukae mbele yao. Waambie kosa ni la watu wawili, si la ziwa. Waambie mlinzi mwingine anaweza kufundishwa, na umfundishe wewe. Najua magoti yako, na najua una haki ya kutukasirikia. Njoo na hasira yako, tutaibeba pamoja na mizigo.

Mrefu anasema hana uso wa kukuomba. Mimi ninao, kwa sababu harusi ilikuwa yangu.

Nisalimie mkeo na wale mapacha wasiokaa kimya. Mama anakusalimu sana. Mshona nyavu naye anakusalimu, na anasema ukija utakula kwake, si kwetu. Mungu akupe nafuu, akufikishe salama kabla ya tarehe thelathini.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukungoja,

Bibi harusi