Cherehani Isiyotaka Kukanyagwa

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeshona kola moja, kisha goti likakataa tena. Nimelipaka dawa, nimeligombeza, halisikii. Daktari alishasema: cherehani ya kukanyaga, basi. Rahisi kwake. Mimi nimekanyaga tangu nikiwa msichana. Kitambaa cha gauni la Mwende kiko mezani, hakijaguswa. Siku ya ntheo yake, wakwe wakileta mbuzi na kumfanya mke wa watu rasmi, binti yangu wa pekee atavaa nguo ya mkono wangu. Nilimwahidi akiwa bado mdogo. Lazima nipate mashine ya stima.

Jumatano, 6 Agosti
Kitui. Nimezunguka maduka mpaka nyayo zimewaka moto. Mashine zote nyeupe, zinang'aa, zina mishono chungu nzima ambayo sitawahi kuitumia. Muuzaji akanishonea kipande chake cha pamba nyepesi, mstari ukanyooka. "Mum, hii haiwezi kukusumbua, ni ya kisasa." Nikatoa mkobani kipande changu cha jinzi, nikakikunja mara nne. Mashine ikatetemeka, sindano ikakatika. Eti nimeleta kitambaa kibaya! Nikamwambia mimi nashona nguo, sishoni karatasi. Nilipoiinua kwa mkono mmoja nikajua. Plastiki tupu.

Nikampitia Mwende kazini. "Mwaitu, mama yangu, wacha tu, nitahire gauni Nairobi." Nimerudi nyumbani Sultan Hamud mikono mitupu, hasira tele.

Ijumaa, 8 Agosti
Siwezi kutulia. Nimefagia uwanja, nimeufagia tena. Baba Mwende anasema tutafute fundi. Fundi ni mimi! Jirani anasema niifunge mota cherehani yangu ya zamani. Nimeikagua. Imelegea kila mahali, imechoka kuliko mimi. Mota itaimaliza.

Jumamosi, 9 Agosti
Makindu. Duka dogo la vitu vilivyotumika, la mzee mmoja mpole. Kwenye kona, mashine ya stima, chuma kizito, rangi imechubuka. Mishono miwili tu, wa kunyooka na wa zigizaga. Nimefungua kifuniko cha chini: giya za chuma. Bobini za kawaida, hata kwetu zinapatikana. Nimezungusha gurudumu kwa mkono, halikwami. Jinzi yangu ikapita bila kelele. Mzee alikanyaga pedali, mimi nikaongoza kitambaa. Nimeinunua. Nimefurahi kama mtoto.

Jumapili, 10 Agosti
Mahubiri marefu, na moyo wangu ulikuwa nyumbani. Nimerudi, nimeketi, nimekanyaga. Imekimbia kama ng'ombe aliyekata kamba. Mguu wangu hautaki kutulia: kisigino, vidole, kisigino, vidole, vile ulivyozoea. Hii haitaki hivyo. Ukiibonyeza inaenda, ukiachilia inasimama, na nguvu ya kubonyeza ndiyo mwendo. Goti haliumi kabisa. Lakini vipande vyote vya kujaribia vimepinda. Kumbe Makindu nilijaribu mashine, sikujaribu mguu wangu. Mjinga mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Sikungoja. Nimeweka kifua cha gauni chini ya sindano, nikijiambia nitakuwa mwangalifu. Mguu ukarudia mambo yake. Mshono umetoka njiani, ukapanda mpaka karibu na shingo. Nimefumua, matundu yamebaki. Kitambaa kingine kama hicho hakuna. Nimelia. Nimemfokea Baba Mwende bila sababu. Stima nayo ikapotea. Afadhali.

Jumamosi, 16 Agosti
Mwende amekuja, akanikuta nimekaa tu, gauni mapajani. Ameona matundu. Nilingoja aseme habari za Nairobi. Alivua viatu, akaingia chini ya meza, akaweka kiganja kwenye pedali. "Haya Mwaitu, sema."

Alipokuwa mdogo alikuwa anakaa hapo hapo, akinishika miguu, na mimi nikimfukuza kwa rula.

Nikasema enda. Ikaenda. Nikasema simama. Polepole kwenye kwapa. Enda. Mikono yangu yote miwili kwenye kitambaa, na mguu umekunjwa chini ya kiti usilete fujo. Matundu tumeyafunika kwa utepe wa shanga. Baba Mwende alichungulia mlangoni, akauliza bibi harusi amepotelea wapi. Tumecheka mpaka uzi ukakatika. Gauni limeisha kabla ya chai ya jioni.

Jumamosi, 23 Agosti
Mbuzi wameletwa, wamepokelewa. Gauni limemkaa. Shangazi zake walimgeuza na kumgeuza wakitafuta kosa. Walisifu shanga. Nimechoka, nimeshukuru.

Jumatano, 27 Agosti
Leo nashona foronya za humu ndani. Mwende yuko kwa mumewe, Kitui. Nyumba kimya. Nimekanyaga taratibu, kisigino sakafuni. Nilipofika kwenye kona nikasema simama, kwa sauti. Hapakuwa na mtu chini ya meza. Mguu wangu ndio uliosikia. Mashine ikasimama.