Kamba ya Rimma

Mama mdogo Zinaida,

Soksi za sufu zimefika, nashukuru. Huku Bahari Nyeupe barafu imekuwa nene, na ofisini bado napanga safari za wapiga picha wanaozamia chini yake.

Jana mshika kamba ya wazamiaji aliugua, bosi Arseni akaninyanyua mezani. "Twende, karani, kamba haing'ati!" Rimma, mmoja wa wapiga picha hao, alifungwa kamba akazamia kumpiga picha samaki mmoja mwenye meno makubwa. Utaratibu ni kwamba nikivuta mara moja, naye avute mara moja, asipojibu, nimpandishe. Nilivuta. Kimya. Nikavuta tena. Kimya. Nikampandisha.

Alitokeza kwenye tundu la barafu akifoka: "Mikono yote ilikuwa kwenye kamera, we mwoga! Samaki ndiyo kwanza anafungua mdomo!" Arseni alicheka hadi akakaa kwenye theluji. Mimi nikakunja kamba.

Tukiwa tunakunywa supu, Rimma alimgeukia Arseni. "Kesho kamba ashike huyuhuyu mwoga. Wewe ungengoja nijibu, hata kama nimekwama."

Ile kazi uliyoniombea posta, tafadhali waambie wampe mwingine. Na kama una glavu nene, nitumie. Zangu zimechanwa na kamba.

Mwanao, ambaye bado anaogopa,
Gleb