Mama Anamchagulia Okal Nguo

Jumamosi, 3 Machi 2012

Mvua tangu alfajiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, mlima hauonekani. Mama, mkwe wangu, hakujali. Alikunywa uji, akajifunga kitenge kichwani, akasema, "Twende, nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo. Twende wapi? Madukani! Huu mwezi wa tatu anakaa kwangu, na kila siku ya Mungu ni madukani.

Naenda naye kwa sababu naogopa atagongwa na pikipiki. Cherehani inabaki imefunikwa barazani. Wateja wananuna.

Leo tulianzia pale kona. Zamani lilikuwa duka la mbolea na mbegu. Sasa ni tochi za kichwani, kamba, nyundo, mabuti ya mpira. Hata yule muuza madaftari ameweka mizani ya dhahabu nyuma ya wavu. Tarime nzima imekuwa stoo ya wachimbaji. Mama alishika kamba, akaivuta kidogo, akaiacha kama imemuunguza.

Kisha kwa Stanslaus, nguo za kiume. Mama aliomba shati la mikono mirefu. Akaligeuza, akakagua vifungo, akalinusa! Stanslaus akauliza kwa upole, "La nani, mama?" — na anajua.

"La mwanangu."

Stanslaus akanitazama. Nikatazama chini.

Okal amekufa tangu Septemba. Yeye na Mniko, rafiki yake, waliingia kwenye duara lao, shimo la dhahabu, kule Kemambo asubuhi, udongo ukaporomoka. Mniko walimtoa siku ya tatu. Okal hakuonekana. Waliogopa kuchimba zaidi, wakafukia. Nyumbani Shirati tulizika tunda la yago, maana ndivyo sisi Waluo tunavyofanya mwili ukikosekana. Nilitupa udongo juu ya tunda. Mume wangu — tunda!

Mama hakulia siku ile. Hajalia mpaka leo. Watu wanasema akili imeyumba. Stanslaus naye anaamini hivyo, ndiyo maana anamvumilia.


Jumanne, 6 Machi

Nilipita dukani kwa Agustina, duka la vitenge, kumwona Rhobi. Rhobi ndiye mjane wa Mniko. Agustina alimpa kazi pale baada ya msiba, na sasa yeye ndiye anayeuza, Agustina anakuja jioni tu. Sina mtu mwingine mjini kama Rhobi. Yeye Mkurya wa Nyarero, mimi Mluo wa ziwani. Wanaume wetu walitukutanisha, kisha shimo likatufunga pamoja. Tunaitana mwenzangu.

Mama alikataa kuingia. Alisimama nje, mvua inamnyeshea! Nikamwambia Mama ingia, utaugua. Akasema duka lile lina harufu ya rangi. Rhobi alimletea kigoda mpaka mlangoni, akapiga goti, "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba akiangalia upande wa stendi.

Rhobi hakukasirika. Alisema mama mzazi akimwona mjane wa Mniko anamwona mwanawe. Rhobi anamwonea Mama huruma kuliko anavyojionea mwenyewe.

Tulikula karanga tukashangaa vitenge vipya vilivyoingia kutoka Kenya. Akarudia ile habari yake — kwamba wachimbaji waliomtoa Mniko walimhakikishia alikwenda mara moja. Kama taa inavyozimwa. Hakuteseka. Anaisema karibu kila wiki. Naitikia ndiyo, mwenzangu. Kama taa.


Ijumaa, 9 Machi

Niandike polepole.

Leo Mama alitaka suruali. Tuliingia maduka manne. La kwanza vitambaa vyepesi. La pili yule dada ana kiburi, anatafuna bigijii anatutazama kama tumeingia kuiba. La tatu mitumba tu — Mama akapekua rundo zima mpaka chini, akainuka mikono mitupu. Mwisho tukarudi kwa Stanslaus. Alitoa jinzi ya bluu, nzuri, imeshonwa imara. Saizi thelathini na nne.

Mimi ni fundi. Mwili wa Okal naujua kwa tepu. Kiuno thelathini na nne, toka tulipooana. Nikasema basi, Mama, hii ndiyo saizi yake. Nilisema tu ili tumalize, twende nyumbani.

Mama akaikunjua, akaiweka mbele ya kifua chake, akatikisa kichwa. "Kubwa. Nipe thelathini."

"Mama, Okal anavaa thelathini na nne."

"Amekonda."

Hivyo tu. Amekonda! Akatoa hela kwenye fundo la leso, akalipa. Miezi mitatu anashika nguo na kuziacha — sikuwahi kumwona analipa. Au alikuwa analipa nisipokuwepo?

Mtu akichanganyikiwa husema mengi. Lakini hapunguzi inchi nne.


Jumamosi, 10 Machi

Nilimngoja amalize kuosha vyombo. Nikafunga mlango. Nikauliza, Mama, ile suruali ni ya nani?

Alikaa kitandani. Alikunja mikono kama mtoto aliyevunja chungu.

"Yuko Migori."

"Nani yuko Migori?"

"Usinipigie kelele, nyathina. Mume wako."

Sikupiga kelele. Nilikuwa nanong'ona. Ni yeye aliyesikia kelele.

Anasema Okal alimpigia simu Desemba, kwa namba ya Kenya. Alidhani ni matapeli. Kisha akamwita jina ambalo ni mwanawe tu anaweza kumwita. Ndiyo maana alikuja kukaa kwangu! Si kunifariji. Ni kwa sababu Tarime ni karibu na Sirari, mpakani na Kenya. Nguo anampa mama mmoja anayevusha nyanya, anazifikisha Migori, upande wa pili. Mashati mawili. Viatu. Sweta. Vyote nilimwona akivichagua kwa macho yangu.

Na wazee walipotaka nikabidhiwe kwa Orwa, mdogo wake Okal, Mama ndiye aliyekataa. Nilimbariki kwa hilo. Nikasema nina mkwe anayenipenda. Kumbe alijua nina mume.

Nikauliza kwa nini hukuniambia mimi? Mimi, Mama?

"Aliniapisha. Alisema Viv hawezi kuficha kitu mbele ya Rhobi."


Jumapili, 11 Machi

Sikwenda kanisani. Yuko hai.

Nimefua shuka. Nimefua tena. Yuko hai na nilinyolewa nywele kwa ajili yake.


Jumatatu, 12 Machi

Tulizungumza. Mama alipiga, akanipa simu, akatoka nje.

"Viv."

Sauti ile ile, imekwaruza kidogo. Nililia, akalia. Aliuliza kama bado nakohoa wakati wa mvua. Aliuliza cherehani. Nikacheka! Dakika nzima nilikuwa mke mwenye furaha kuliko wote Tarime.

Kisha nikauliza ulitokaje.

Alisema tochi yake ilififia. Akapanda juu kubadilisha betri. Alikuwa amekaa mdomoni mwa shimo, betri mkononi, ardhi ikashuka mbele yake. Haikutoa hata mlio mkubwa. Kama gunia likitua.

"Na Mniko?"

Akarudia habari ya betri.

"Okal. Na Mniko?"

"Alikuwa anagonga."

Sikuelewa. Akasema alilala chini akaweka sikio. Mniko alikuwa anagonga kwa nyundo, huko chini. Tatu, anapumzika. Tatu, anapumzika. Hiyo ndiyo ishara yao, ya kusema niko hapa.

"Ukamwita nani?"

"Viv, lile duara lilikuwa limepigwa marufuku. Wenzetu walitukataza, walisema ukuta umepasuka. Mniko hakutaka. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia siku moja tu, tukipata tunaacha. Ndugu zake wangenikata mapanga pale pale."

"Ukamwita nani, Okal?"

"Nilikimbia."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

Alikimbia kifua wazi mpaka ng'ambo. Shati lake na ndala aliziacha pale mdomoni, kando ya vitu vya Mniko. Ndiyo maana wote tulisema wamo wawili.

Nakumbuka siku ile. Rhobi ndiye aliyepiga yowe — jioni, alipoona chakula cha mume wake kimepoa hakuna aliyekuja kula. Jioni! Walishuka asubuhi. Kutoka asubuhi mpaka jioni hakuna mtu hata mmoja aliyejua. Yeye alijua.

Nilimrudishia Mama simu. Okal alikuwa bado anaita jina langu.


Jumatano, 14 Machi

Nimekata kitambaa cha mteja vibaya. Mikono miwili ya kushoto. Itabidi nikanunue kingine.

Mama ana mpango. Jumamosi tunavuka. Okal amepata chumba, anafanya kazi ya kupakia mawe, atanunua cherehani. Tutakaa kama watu wapya. Nani atajua? Watu wanavuka kila siku, nusu ya ukoo wetu uko huko.

Nikamwambia kuhusu kugonga. Alikuwa hajui. Niliona usoni — hakujua. Alikaa chini kwenye sakafu, kanga ikamteleza begani. Lakini baada ya muda alisema, "Mniko hatarudi hata ukisema. Wangu yupo. Unataka tuzike wawili?"

Nilirudi kwenye cherehani.

Na namtaka. Niandike ukweli, hapa hakuna anayenisoma. Namtaka Okal. Jana nimefungua sanduku nikavaa gauni lile la kijani alilolipenda. Nikalivua haraka, kama nimeiba.


Alhamisi, 15 Machi

Nilipita mbele ya maduka yote nikitafuta kile kitambaa cha mteja. Kipo kwa Agustina tu. Nilizunguka mara tatu. Nilisimama mbele ya muuza redio nikajifanya nachagua. Nikaingia kwa muuza sufuria, nikauliza bei ya sufuria nisiyoihitaji, nikamwacha anaisema. Mwisho nikaingia kwa Rhobi.

Alifurahi! Alikuwa amenificha mtumba mzuri chini ya kaunta, sweta la zambarau, kwa sababu nilisema nasikia baridi. Halafu akaniambia ana jambo. Ndugu za Mniko wanataka arudi kijijini, duka aache. Ameamua kukataa. Anasema amepata nguvu ya kukataa kwa sababu moyo wake umetulia — Mniko alikwenda bila maumivu, yeye hadaiwi chozi na mtu.

Moyo wake umetulia. Juu ya uongo!

Nikimwambia, namvunja. Nisipomwambia, nakaa Migori kitandani na mtu aliyesikia, na kila Rhobi akinipigia simu naitikia kama taa, mwenzangu.

Au je, ana haki ya kujua tu, na mimi sina haki ya kumpimia anachoweza kubeba? Sijui. Nililipia kitambaa. Sweta nililivaa papo hapo maana alining'ang'ania. Akanifunga vifungo yeye mwenyewe.


Jumamosi, 17 Machi

Saa nne asubuhi. Naandikia dukani kwa Rhobi, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Daftari nilikuwa nimelitia kwenye begi, sikutaka kuliacha chumbani.

Mama yuko stendi. Nilimwacha amekalia mizigo, kiti chake kimeshalipiwa, gari la Sirari linajaza. Nilimwambia nimesahau mkasi kwa Agustina. Mkasi uko begini. Mama alinitazama sana. Akasema, "Usikawie." Kisha akanishika kiganja, akasema kwa Kijaluo kwamba yeye ni mzazi tu. Alijua sifuati mkasi.

Nilipoingia Rhobi alikuwa na mteja. Bado yupo. Mchimbaji, mabuti yana tope mpaka magotini, amepata — inaonekana, anacheka na kila mtu. Anamchagulia mke wake kitenge. Hajui rangi. Ameteremsha madoti kumi, yametapakaa kaunta nzima. Anamwomba Rhobi aliweke hili begani aone. Rhobi anaweka. Anageuka, anapendeza. Anasema mke wako mweusi au maji ya kunde? Mchimbaji anasema mweusi kama wewe. Wanacheka.

Kwa nini haondoki! Na asiondoke. Achague mpaka jioni.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Nianze na Okal yuko hai. Hapana, nianze na mwenzangu, nisamehe. Yote yameyeyuka. Najua tu sitaanza na shimo.

Rhobi akipeleka habari kwa ndugu za Mniko, leo leo watavuka wamtafute Okal. Hilo nalijua. Migori si mbali. Niko hapa nikiwa nalijua.

Simu inaita. Mama. Sijapokea.

Mchimbaji amechukua mawili, hakuweza kuacha moja. Rhobi anafunga kwenye gazeti. Gari linapiga honi stendi, linasikika mpaka hapa.

Simu tena. Nimeizima.

Ametoka. Rhobi anakunja vitenge, anavirudisha kimoja kimoja. Anasema leo umekaa kama mgeni, mwenzangu, kuna nini? Nimesema malizia kwanza. Amesema vitenge havina miguu, havikimbii. Ameviacha. Amevuta kigoda, amekaa mbele yangu, magoti yetu yamegusana.

Ananiuliza naandika nini.