Konokono Kwenye Kichwa cha Mke wa Mtukufu

6 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini mgongo haukusumbui tena na saluni ina wateja wa kukuchosha, maana uchovu wa namna hiyo ndio unaoupenda. Mimi ni mzima. Vidole tu ndivyo vinavyolalamika asubuhi. Navipasha moto kwenye kikombe cha chai, vinanyamaza.

Najua barua zangu za mwaka juzi ulizirudisha bila kuzifungua. Hii naituma kwa bahasha ya kazini, labda utaichana kabla hujajua ni ya nani. Ukishafika hapa endelea tu, ubaya umeshafanyika.

Ile sinema niliyokuwa naitengenezea mawigi imetoka. Ni ya Kifaransa, ya kuchekesha, ya enzi zile wanaume walikuwa wakijipaka poda na kutembea na visigino. Kuna Mtukufu mmoja, mtawala wa jimbo dogo, amenyonyoka kichwa chote. Kwa hasira anapiga marufuku mtu yeyote kuwa na nywele zinazolipita wigi lake kwa urefu. Mkewe hataki. Kila asubuhi anashuka ngazi na nywele ndefu kuliko za jana, Mtukufu naye anaongeza wigi, mpaka mafundi wanaitwa kukata milango ya kasri. Kufikia katikati, bata bukini ametaga ndani ya nywele za mama huyo, na hakuna anayethubutu kulitaja hilo mezani.

Mawigi yote hayo yametoka mikononi mwangu. Magazeti ya huku yameichana sinema yenyewe. Mwandishi mmoja kasema ni kazi ya mtu mwenye homa. Mwingine kasema mawigi yana akili kuliko waigizaji, na hilo nimelikata nikalibandika ukutani, sina haya.

Nasikia itaonyeshwa huko kwetu mwezi huu, kwenye ukumbi wa zamani nyuma ya posta. Nenda uitazame. Usiniambie kama ni nzuri au mbaya. Niambie watu walifanya nini.

Dada yako

*

22 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mgongo uko palepale, na mimi niko palepale. Bahasha yako ilinipata kweli, nilidhani imetoka kwa wale wa mafuta ya nywele.

Nilienda. Nilifunga saluni mapema, nikafuatana na wateja wawili, mmoja bado ana rola chini ya kitambaa. Ulitaka kujua watu walifanya nini, basi soma.

Maandishi ya chini yalikuwa yanapita haraka. Waliowahi kusoma walicheka kwanza, kisha wakawaeleza majirani, nao wakacheka, kwa hiyo kila kichekesho kilichekwa mara mbili na kicheko cha pili kikafunika kichekesho kinachofuata. Mwalimu mstaafu wa hesabu akasimama, akaomba watu wacheke kwa pamoja au wasicheke kabisa. Hapo ndipo walipocheka kwa pamoja.

Mzee wa duka la vipuri alitoka mapema, analalamika kwamba hao si wanaume, hao ni mikate iliyonyunyiziwa unga. Baada ya muda nikamwona amesimama mlangoni, na hapo alikaa mpaka mwisho. Kila aliyempita alimwambia anamsubiri mkewe. Mkewe hakuwemo.

Unamkumbuka yule fundi seremala tunayemwita Kipimo? Milango ya kasri ilipoanza kukatwa hakuweza kuvumilia.

"Hapo juu kuna boriti," akapaza sauti. "Ukikata hapo, ukuta mzima unakuja."

Mtu wa nyuma akamwambia, "Kipimo, hao watu walishakufa zamani."

"Ndiyo maana walikufa," akasema.

Bata bukini alipotaga, ukumbi ulilipuka. Muuguzi aliyekaa mbele yangu alimshika bega mwanamume asiyemjua ili asianguke kwenye kiti.

Mimi sikucheka, na nitakuambia kwa nini. Karibu na mwisho, mke wa Mtukufu anashuka jikoni alfajiri peke yake, analivua lile ghorofa la nywele, na chini yake kuna nywele zake mwenyewe, zimesukwa. Nikawasikia wanawake wanavuta pumzi. Ilikuwa ni Konokono. Imeanzia kisogoni, imepanda kinyume cha nywele zinavyolala, imeuzunguka utosi, na ncha imejificha chini ya msuko isionekane ilikoishia.

Konokono niliibuni mimi. Niliibuni kwenye kichwa chako, siku mvua ilipotufungia ndani. Nimewasukia nusu ya maharusi wa mji huu. Halafu mwisho wa sinema majina ya waliofanya kazi yakapanda, na kwenye nywele kulikuwa na jina moja tu, la kwako.

Uliondoka tukiwa hatujamaliza hata kupaka saluni rangi, ukaniachia brashi mkononi. Lile nilinyamaza. Hili sinyamazi.

Mdogo wako

*

5 Machi

Mdogo wangu,

Nafurahi mko wazima, na nafurahi zaidi kwamba umeniandikia, hata kama umeniandikia kwa wembe. Barua yako niliisoma nimesimama, koti bado liko mwilini.

Maneno ya Kipimo nilimpelekea mwongozaji wetu. Ni bibi mfupi anayevaa kofia ya kiume hata mvua isiponyesha, sote tunamwita Kofia. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kumbe mlango mmoja ulipokatwa, boriti ilishuka kweli, ikamkosa mpiga picha kidogo tu. Anamtafuta Kipimo amwajiri.

Sasa la Konokono. Ni yako, wala sibishani. Kofia alitaka kwenye ile sehemu ya jikoni mama awe na kitu ambacho hakuna mtumishi aliyemfanyia, kitu kisichotaka kushindana na mtu. Mimi nakijua kimoja tu cha namna hiyo. Siku niliyoisuka nilimwambia waziwazi, hii ni ya mdogo wangu. Ofisi ikasema majina yanayoandikwa ni ya waliokuwepo kazini, wewe hukuwepo, basi. Nikaona siyo jambo la kugombania. Nilifikiri ukiiona utajua kwamba nakukumbuka. Barua zangu ulikuwa unazirudisha, hii usingeweza kuirudisha.

Nimeisoma tena barua yako jana na leo. Nilikusalimu kwa kutumia mdomo wako mwenyewe. Kesho narudi ofisini, na safari hii sitakaa kwenye kiti watakachonipa.

Dada yako

*

20 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na baridi. Huku kila mtu anakusalimu, hata wasiokujua, maana umekuwa maarufu kwa kazi yangu.

Sinema imeongezewa muda. Watu wanarudi na ndugu zao. Siku hizi wameshayajua maneno, wanayasema kabla ya Mtukufu kufungua kinywa, na mwalimu mstaafu amehamia mstari wa mbele ili asimamie vizuri. Mzee wa vipuri anaingia na kiti chake cha kukunja, anasema vya ukumbini vinaumiza. Bado anamsubiri mkewe.

Wanawake nao wanakuja saluni. "Nataka ile ya jikoni." Nawaambia Konokono ni yangu, tena ya siku nyingi. Wananitazama kwa huruma. Wiki iliyopita alikuja bibi harusi mmoja na mama yake.

"Naomba unisuke ile ya dada yako," akasema. "Siyo ya kwako, tafadhali. Ya dada yako."

Nikamwambia kaa. Nikamsuka kama ninavyosuka siku zote. Alipojitazama kwenye kioo akafurahi mpaka macho yakajaa maji. "Hii ndiyo hasa," akasema. "Dada yako amekufundisha vizuri."

Mama yake akaitikia kwa kichwa. Mimi nikazoa vichana vyangu nikaenda kuviosha, na havikuwa vichafu.

Ofisi yako imesemaje?

Mdogo wako

*

16 Aprili

Dada,

Hujambo huko? Hujajibu. Nimepita posta mpaka karani ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Kama unaumwa niambie. Kama wamekukatalia na unaogopa kuniambia, usiogope, maana jambo nimeshalimaliza mwenyewe.

Nilimwendea mwenye ukumbi. Nikamwambia, kabla ya onyesho la mwisho nipe jukwaa, kiti kimoja na taa. Akauliza ni la nini. Nikamwambia watu wa mji huu wamebishana nami vya kutosha, sasa wataona kwa macho yao.

Yule muuguzi alikubali kunipa kichwa chake. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Nilipopanda na kitana na uzi, mzee wa vipuri akauliza kama sinema imebadilishwa. Mwalimu mstaafu akamwambia anyamaze, hili ndilo somo lenyewe.

Nikamwambia muuguzi ainamishe kichwa, nikaanzia kisogoni. Mwanzoni watu walipiga soga. Nilipopita nyuma ya sikio na kuanza kupanda kinyume, soga ikapungua. Nilisema nikiwa nasuka, bila kupaza sauti, kwamba hapa ndipo wengi wanaponiiga wakakosea, wanavuta nywele badala ya kuufuata utosi. Kipimo aliyekuwa ameshika taa akasema, "Mwacheni afanye kazi, anajua boriti iko wapi." Nilipoificha ncha, nikamwambia mtu yeyote apande aitafute. Yule bibi harusi akapanda, siku hizi ni mke wa mtu. Akapitisha vidole kichwani mwa muuguzi mara ya kwanza, mara ya pili, akanitazama usoni.

"Ni wewe," akasema. "Tangu mwanzo ni wewe."

Kisha taa zikazimwa, tukaitazama sinema yako. Ilipofika jikoni, wakati mama anavua lile ghorofa, muuguzi akasimama katikati ya ukumbi akageuza kisogo kwa watu, Kipimo akammulika. Wakaangalia pazia, wakamwangalia yeye, wakaangalia pazia. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Mzee wa vipuri akatoa hukumu. "Ya hapa ni bora. Ya kwenye sinema imelegea sikioni."

Imelegea kweli, dada. Mkono wako wa kushoto unabembeleza mno, tangu utotoni.

Sasa andika. Siulizi tena habari za jina. Nauliza habari zako.

Mdogo wako

*

1 Mei

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima, na nisamehe kwa kukufanya umsumbue karani wa posta. Sikutaka kukuandikia nikiwa na mikono mitupu.

Ofisi walinikatalia. Nikawaambia basi mawigi ya sinema mpya yatatengenezwa na atakayeweza, nikaweka sindano mezani nikaenda nyumbani. Nimekaa ndani majuma kadhaa nikiangalia simu isiyolia. Sikujutia. Kilichonishangaza ni kwamba nililala vizuri.

Barua yako ya ukumbini iliponifikia nilimpelekea Kofia, nikamtafsiria yote, pamoja na la sikio. Akaagiza ile sehemu iwekwe. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ana haki," akasema. "Imelegea."

Akapanda ghorofani kwenye ofisi na kofia yake. Sijui alisema nini, ila mlango ulisikika. Nakala zilizokwisha kutoka haziwezi kurudishwa, hilo nalisema wazi nisikudanganye. Zitakazotengenezwa kuanzia sasa zitakuwa na jina lako, kwenye mstari wake peke yake, bila la kwangu pembeni.

Tena Kofia anakutaka wewe. Sinema mpya ni ya mahakimu wa zamani wanaomshtaki jogoo kwa kuwika wakati wa hukumu. Mahakimu wengi, mawigi mengi, na jogoo naye ana lake. Anasema uje huku tufanye pamoja. Chumba kipo kwangu. Nami nimerudi kazini, nakungoja.

Dada yako

*

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Moyo umetulia sasa, na mgongo umeamua kutulia nao. Mwambie Kofia nashukuru. Uliposema uliweka sindano mezani nilikaa chini nikaisoma sehemu hiyo mara nyingine. Sikudhani ungefanya hivyo kwa ajili yangu. Nilikosea, na nimefurahi kukosea.

Lakini siji. Saluni ina maharusi mpaka mwisho wa mwaka, na kila mmoja anamtaka mwenye Konokono mwenyewe. Siwezi kuwaambia nimekwenda kumsuka jogoo.

Fanya hivi. Vichwa vya mbao vije huku, na vipimo vya hao mahakimu, na nywele mnazotumia. Kipimo amekubali kutengeneza rafu ukuta mzima, ameshagonga ukuta wote kutafuta nguzo. Mawigi yatatoka hapa yakiwa tayari. Kama Kofia anaitaka mikono yangu, mikono yangu iko mtaani kwangu.

Na wewe uje na hivyo vichwa. Kazi ni kubwa, peke yangu sitaiweza. Ila ujue mapema, humu ndani mkubwa ni mimi. Nje ya mlango nitakuamkia, ndani ya mlango utafuata ninavyosema. Ukikubali, njoo.

Mdogo wako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu naandika nimekaa juu ya sanduku la safari. Kofia alisema ndiyo kabla sijamaliza kumsomea. Ofisi ilisema hapana, kisha ikasikia Kofia amesema ndiyo.

Vichwa vimefungwa kwenye matambara kama watoto wachanga. Mimi nimefunga nguo chache. Watu hapa kazini wananiuliza kama naweza kweli kufanya kazi chini ya mdogo wangu, mimi niliyezoea kuamrisha. Nimewaambia hawajakuona ukisuka.

Masharti yako nimeyakubali yote. Barua hii usiijibu, jibu halitanikuta.

Dada yako, msaidizi wako